Sura ya Sita: Skrubu ya Kaskazini

Pikipiki ya Solomoni ililetwa kituoni juu ya kenta, imefungwa kamba kama ng'ombe wa mnadani, ikalala uani chini ya turubai siku tatu bila mtu kuitazama. Askari wa usalama barabarani walikwishaandika yao: mwendo kasi, vumbi, korongo. Lengai, fundi makanika wa safari, aliyefuata nyuma kwa pikipiki yake, amekufa papo hapo. Solomoni, aliyekuwa mbele akiongoza njia, amevunjika nyonga na paja, amelazwa. Faili likafungwa.

Lilifunguliwa tena na ndugu wa marehemu. Jumatano walikwenda Ngarenaro, wakamtoa fundi Luqman ndani ya karakana yake kwa makofi, wakisema yeye ndiye aliyefunga kwenye pikipiki ya Solomoni dira mbovu iliyompeleka kijana wao shimoni. Askari wa doria waliona njia moja tu ya kumwokoa, nayo ilikuwa kumkamata.

Alhamisi asubuhi mkuu wa upelelezi alimsukumia faili Inspekta Twahira Mchomvu.

"Fundi amekubali dira aliifunga yeye. Kamilisha maelezo, apelekwe mahakamani."

"Amekubali kuifunga, afande, au amekubali kuifunga vibaya?"

Mkuu wake alimtazama juu ya miwani. "Una mpaka kesho saa nne. Zaidi ya hapo sina namna ya kumshikilia, na nikimwachia mikono mitupu wale watu wataichoma karakana yake."

Twahira alikuwa mwanamke mfupi wa Kipare, miaka arobaini na miwili, asiyependa kukaa wakati anafikiri. Kuhusu dira hakujua zaidi ya ile inayochorwa kwenye kona ya ramani. Alimwita Koplo Sifael Pallangyo, aliyekuwa amefika eneo la ajali siku ileile ya Jumatatu.

"Niambie ulichokiona, si ulichokiandika."

Sifael alikuna shingo. "Waliacha lami mbele ya Oldonyo Sambu, wakaenda mashariki mpaka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Pale wakageuka kaskazini, nyika tupu. Nilizifuata alama za tairi kutoka birikani mpaka korongoni, afande. Kilomita kumi na moja. Zimenyooka kama mtu kapiga mstari na rula. Ila si kaskazini. Zimelalia magharibi."

"Na mlima? Si wangeutazama Meru wakajua wameelekea wapi?"

"Mwezi wa nane huu. Mlima ulikuwa ndani ya wingu, na huko chini vumbi tupu. Halafu safari yenyewe ndiyo inavyouzwa. Mgeni anazima simu, anaongozwa kwa dira kama wazee wa zamani. Hao wawili walikwenda kuikagua njia kabla wageni hawajaja."

"Solomoni ameeleza nini hospitali?"

Sifael alifunua karatasi. "Anasema walipoacha lami aliilinganisha dira na ramani, ikawa sawa kabisa. Basi akaiamini."

Twahira alisimama dirishani akilitazama turubai. Mtu anayekimbia ovyo haachi mstari ulionyooka kilomita kumi na moja. Solomoni alikuwa anafuata kitu. Na kitu hicho kilikuwa sawa kilipotazama mashariki, kikawa si sawa kilipotazama kaskazini.

"Mtoe fundi mahabusu," alisema. "Bila pingu."

Luqman alikuja ua mzima ukimtazama. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mdomo umevimba, ovaroli imechanika begani.

"Shikamoo, fundi," Twahira alisema.

Luqman alichelewa kuitika. Tangu jana hakuna aliyekuwa amemwamkia. "Marahaba, afande."

"Nieleze ulivyoifunga. Nieleze kama unanifundisha kazi."

Turubai likaondolewa. Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari ndefu, gurudumu la mbele limekunjika, tangi limebonyea. Juu ya dashibodi, imenyanyuka peke yake kwenye kibati, ilikuwapo dira: kuba dogo la plastiki ngumu lililojaa mafuta, ndani yake kisahani chenye namba kikielea. Haikuwa imepasuka.

Luqman aliishika kwa vidole viwili, na uso wake ukabadilika kidogo, ukawa uso wa mtu aliye kazini.

"Dira ina wivu, afande. Ukiweka chuma karibu yake, inaacha kaskazini inakitazama hicho. Umeme ni vilevile. Solomoni aliitaka hapa katikati, kando ya saa ya mwendo, ipendeze. Nikaishika hapo kwa mkono, nikawasha swichi, kisahani kikaruka. Nikawasha taa, kikarukia upande mwingine. Nikamwambia haikai hapa hata kwa dawa. Nikapanda nayo huku juu. Kibati hiki ni alumini, nimekikata kwenye mfuniko wa sufuria. Skrubu hizi nne ni za shaba, nimezing'oa kwenye kitasa cha zamani. Nyaya zinazopita chini yake nimezisokota mbili mbili ili zisiisumbue."

"Sifael, tafuta sumaku."

Koplo alirudi na ile inayoshikilia matangazo kwenye ubao wa kaunta. Twahira aliifungua dira, akaipeleka mbali juu ya benchi la mbao, kisha akaipitisha sumaku kwenye kibati na skrubu zote nne. Haikunasa popote. Akapapasa nyuma ya dashibodi, chini ya raba, ndani ya mikunjo ya nyaya, akitafuta kitu ambacho mtu angeweza kuwa amekificha. Hakukuta kitu.

"Irudishe kama ilivyokuwa, fundi. Sasa tuigeuze."

Askari wanne waliinyanyua pikipiki. Sifael alisimama hatua ishirini nyuma na dira ya mkononi, akawaelekeza mpaka pua ya pikipiki ikatazama kaskazini halisi. Twahira aliinama kusoma.

"Ishirini na tano. Ilipaswa kuwa sifuri."

Wakaigeuza mashariki. "Tisini," alisoma. "Sawa." Magharibi, sawa. Kusini, ikapotoka tena digrii ishirini na tano, upande wa pili.

Luqman alikuwa ameacha kuwatazama askari. Aliinama mpaka pua ikakaribia kuigusa dira, akabaki hapo.

"Hii imeguswa."

"Ajali si imeigusa?"

"Ajali inavunja, afande. Haizungushi skrubu." Alionyesha kwa ukucha. "Ndani yake kuna visumaku viwili kama punje za mchele. Ndivyo vya kurekebishia. Hii skrubu ya pembeni inarekebisha mashariki na magharibi. Hii ya mbele inarekebisha kaskazini na kusini. Zote mbili ni za shaba laini, mimi nazizungusha kwa bisibisi ya shaba niliyoichonga mwenyewe, maana ya chuma inaisumbua dira na inakwangua. Tazama ya pembeni, safi. Tazama ya mbele."

Twahira alitazama. Katika mfuo wa skrubu ya mbele kulikuwa na mkwaruzo mwembamba unaong'aa, kama wa ncha ya kisu.

Sifael akatumwa karakana Ngarenaro, akarudi na bisibisi ya shaba. Luqman aliirudisha ile skrubu nyuma polepole, robo tatu ya mzunguko, pikipiki ikiwa imetazamishwa kaskazini. Kisahani kilielea, kikasita, kikatulia kwenye sifuri.

Askari mmoja aliyekuwa ameshikilia usukani alitoa pumzi.

"Nitajuaje hukuiacha hivyo wewe mwenyewe?" Twahira aliuliza.

"Kuna kadi. Nikishaweka sawa, naandika kila upande inasoma ngapi. Iko chini ya kiti, pamoja na bima."

Ilikuwapo, ndani ya nailoni. Tarehe ya Jumamosi, pande nane, kila upande na namba yake, hakuna iliyozidi kosa la digrii mbili. Mwandiko ulikuwa wa herufi ndogo zilizosimama wima.

"Huu si mwandiko wako."

"Wa mke wa Solomoni, mama Nasieku. Tulikuwa uwanjani kule Kisongo. Mimi niko na bisibisi, Solomoni anaisukuma pikipiki, yeye amesimama mbali na dira ya mkononi anatusomea. Anasoma vizuri yule. Hakuniyumbisha hata mara moja."

Twahira aliitia kadi kwenye bahasha ya ushahidi, akaandika namba juu yake. Saa ile alichokiona ndani yake kilikuwa kitu kimoja: kwamba Jumamosi jioni fundi huyu hakuwa amekosea. Kwa hiyo kati ya Jumamosi jioni na alfajiri ya Jumatatu mtu alikuwa ameigeuza skrubu ya mbele peke yake, akaiacha ya pembeni. Alijua njia itaanza kwa kuelekea mashariki. Alijua Solomoni ataijaribu pale kwanza.

"Nani hakupenda Solomoni aongoze njia ile?" alimuuliza Luqman.

Fundi alitazama chini. "Mimi ni mtu wa spana, afande. Ila yule mwenzao wa kazini, Oscar, alikuja karakana Ijumaa akaiona. Akasema, mwacheni aende na saa yake ya ukutani, tutamwona atakakotokea."

*

Kampuni ya safari za pikipiki ilikuwa Kisongo, upande wa pili wa uwanja wa ndege. Ndege ndogo zilikuwa zinapita juu ya paa moja baada ya nyingine, na kila ilipopita moja Oscar aliacha kuzungumza, akaikodolea macho hadi ipotee, kama mtu aliyeshukuru kupata nafasi ya kufikiri. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, Mchaga wa Machame, mikono mipana, buti za gharama.

"Miaka sita njia za nyika naongoza mimi," alisema. "Naijua kila pori la mgunga kule. Halafu bosi anaona Solomoni kafunga kidude, wageni watakipenda kwenye picha, njia mpya anampa yeye. Ungefurahi wewe?"

"Ulimwonea wivu."

"Nilimwonea wivu, ndiyo. Niandike. Sikulala siku mbili." Alisugua magoti. "Lakini Lengai nimemfundisha mimi kazi. Lengai alikuwa analala kwangu."

Twahira aliitoa dira kwenye boksi, akaiweka mezani. Kando yake akaweka bisibisi ndogo ya chuma.

"Naomba unisaidie. Nataka hii idanganye. Ifanye idanganye."

Oscar alimtazama, akamtazama Sifael aliyesimama mlangoni, akaichukua. Aliigeuza juu chini, akaipeleka sikioni, akaitikisa. Kidole gumba kilipita juu ya skrubu ya mbele, kikapita juu ya ile ya pembeni.

"Hivi vya nini? Vya kuongezea mafuta?"

"Sijui. Wewe ndiye mtu wa njia."

Akaanza kufungua kifuniko cha chini. Tone la mafuta likadondoka mezani, akaacha haraka. "Labda uweke sumaku pembeni. Mimi natazama ardhi, dada. Hivi vitu sijui."

Twahira aliipokea, akapangusa meza kwa kitambaa. "Jumapili ulikuwa wapi na pikipiki hii?"

"Sijaiona tangu Ijumaa. Jumamosi alitoka nayo uwanjani akaenda nayo kwake moja kwa moja, ili Jumatatu waondoke alfajiri. Muulize mlinzi."

Mlinzi wa getini alilifungua daftari lake la kuingia na kutoka. Pikipiki ya Solomoni ilitoka Ijumaa saa tano asubuhi. Haikuandikwa kurudi.

Oscar aliwafuata mpaka kwenye gari. Alisimama karibu na dirisha la Twahira, mikono mfukoni.

"Afande, si mimi peke yangu niliyeichukia ile dira."

"Nani mwingine?"

"Uliza ilikaa mahali pa nani."

Twahira alizima injini. Oscar akaeleza, akiitazama barabara badala yake. Kabla mtoto hajazaliwa, Nashipae mke wa Solomoni ndiye aliyekuwa akikaa nyuma ya pikipiki, ramani pajani, dira mkononi. Miaka minne. Solomoni alikuwa haangalii pembeni. Akitakiwa kwenda kulia anaguswa bega la kulia, akitakiwa kusimama anaguswa mgongoni. Wageni walikuwa wanampiga picha yule mama kuliko mlima. Alipojifungua, bosi akasema kiti cha nyuma kibebe mizigo ya wageni.

"Mwaka jana tulikuwa na dada mmoja mpiga picha, akapanda nyuma ya Solomoni siku mbili tu," Oscar aliongeza. "Nashipae alikuja hapa getini na mtoto mgongoni, akasimama mpaka waliporudi. Alimtazama tu yule dada akishuka. Yule dada hakupanda tena."

Ndani ya gari Sifael alisubiri mpaka wakafika lami.

"Oscar anaweza kuwa amejifanya hajui."

"Anaweza," Twahira alisema. "Lakini anayejua moto ulipo haweki kidole juu yake. Huyu alizipapasa zote mbili. Na pikipiki ililala kwa Solomoni siku mbili." Alitoa bahasha kwenye mkoba, akaitazama kadi kwa muda mrefu, zile herufi ndogo zilizosimama wima. "Nimeisoma hii kama hati ya kumtetea fundi. Sikuisoma kama jina la mtu anayejua."

*

Wodi ya mifupa ilikuwa ghorofa ya pili. Saa za kutazama wagonjwa zilikuwa zimeanza na ngazi zilijaa watu wenye vikapu. Solomoni alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe, amesinzia. Mkewe alikuwa ameketi kwenye stuli akimfuta jasho la shingo. Alikuwa mwanamke mrefu wa kama miaka thelathini, nywele amezinyoa karibu na ngozi, mkao wake umenyooka. Nesi alipokuja na sindano Nashipae aliinuka akaichungulia dawa, akamchungulia na nesi, kisha akampisha kwa nusu hatua.

"Pole na kuuguza, mama Nasieku," Twahira alisema.

"Tumeshapoa, afande."

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa bibi yake."

"Naomba tukae nje kidogo. Nina jambo la kitaalamu limenishinda, nimeambiwa wewe unalijua."

Walikaa kwenye benchi la barazani, Sifael akasimama kando na daftari. Twahira aliitoa dira, akaipakata. Nashipae aliitazama mara moja, kisha akayapeleka macho kwenye paa za mji.

"Yule fundi wa Ngarenaro kesho anapelekwa mahakamani," Twahira alisema. "Mimi naamini hakukosea. Naamini mtu aliichezea baadaye. Na hapo inabidi awe mtu mwenye kichwa hasa. Nimezungumza na Oscar leo. Nadhani ni yeye. Kule kwao wanasema hakuna anayeijua nyika na dira kama Oscar."

"Nani anasema?"

"Wote."

Nashipae alicheka kwa pua. "Oscar hawezi hata kuikunja ramani. Akiifungua, inarudi kwenye begi kama nguo chafu."

"Lakini miaka sita ameongoza."

"Ameongoza kwa kufuata kinyesi cha ng'ombe."

"Basi mimi nitakuambia alivyofanya, wewe uniambie kama nimekosea." Twahira alichukua bisibisi, akaiweka kwenye skrubu ya pembeni. "Alikuja na hii, akaizungusha hivi, kama robo tatu. Halafu Solomoni alipofika birikani—"

"Si hiyo." Nashipae aliinyoosha shingo, sauti yake ikawa ya mwalimu aliyechoshwa na mwanafunzi. "Hiyo ni ya mashariki na magharibi. Ungezungusha hiyo angeona palepale alipoacha lami, angerudi. Ni ya mbele."

Kwenye ngazi mtu aliangusha sufuria, ikabingirika. Sifael aliacha kuandika.

"Sijakuambia ilidanganya upande gani," Twahira alisema taratibu. "Sijamwambia mtu yeyote aliye nje ya ua wa polisi."

Mikono ya Nashipae ilikuwa imetulia juu ya magoti, ila kidole kimoja cha kulia kilikuwa kinagonga, kinagonga.

"Mama Nasieku, kuanzia sasa lolote utakalosema linaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kumwita ndugu au wakili. Umenielewa?"

"Nimekuelewa." Alipoanza kusema alisema kwa sauti ya chini, bila kusitasita, kama alikuwa amekwisha kuyapanga siku nyingi. "Jumamosi walinisimamisha juani hatua ishirini, mtoto mgongoni, niwasomee namba. Nikawasomea. Kila namba niliyosoma ilikuwa ya kweli, afande, uliza hata fundi. Tulipomaliza fundi akampiga Solomoni begani. Akasema, sasa huhitaji mtu wa nyuma. Solomoni akacheka. Akaipapasa hiyo kitu. Miaka minne nimemgusa mabega yale hajawahi kunitazama alivyoitazama hiyo."

"Ukafanya nini?"

"Jumapili alikwenda kanisani, mazoezi ya kwaya yakamchelewesha. Nikachukua kisu cha kumenyea viazi. Nilipiga hesabu kwanza. Kilomita ishirini, digrii ishirini na tano. Angetokea kwenye maboma ya upande wa magharibi badala ya barabara ya shule. Angeuliza njia kwa wachungaji wa mbuzi. Angerudi jioni na aibu kidogo, aseme mama Nasieku, bila wewe siwezi. Hayo tu nilitaka kuyasikia."

"Na korongo?"

"Korongo halimo kwenye ramani. Makorongo yote ya upande ule nimeyaweka mimi kwa penseli, tulipokuwa tunapita. Lile mvua za mwaka juzi zimelichimba. Sikulijua." Kidole kiliacha kugonga. "Nimepika kwenye msiba wa Lengai. Mama yake alinishika mikono, akaniambia nimshukuru Mungu wangu amebaki. Nikamwambia namshukuru."

Twahira alimpa ishara Sifael. Koplo alisogea mbali, akapiga simu kituoni. Maneno yake yalisikika vipandevipande: fundi aachiwe, atoke na gari letu, ndugu wa marehemu waitwe na mkuu awaeleze mwenyewe kabla fundi hajafika Ngarenaro.

"Yeye anajua?" Nashipae aliuliza.

"Mumeo? Hapana."

"Niruhusu nimwambie mimi. Asiambiwe na mwingine. Tafadhali."

Haikuwa utaratibu. Twahira alifikiri juu ya mkuu wake na miwani yake, kisha akafikiri kwamba maelezo ya Solomoni yangehitajika kwa vyovyote, na ni bora ayasikie yeye mwenyewe yakitoka.

"Mimi nitasimama palepale," alisema.

Solomoni alikuwa ameamka. Alitabasamu alipomwona mkewe, kisha akaiona sare nyuma yake. Nashipae aliketi kwenye stuli, akamshika mkono, akamweleza. Alimweleza kwa Kimaasai, kisha, kwa ajili ya daftari la Sifael, akayarudia yote kwa Kiswahili bila kupunguza neno, hata kisu, hata hesabu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani.

Solomoni hakuutoa mkono wake. Alitazama dari mpaka alipomaliza. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, na kwa kuwa alikuwa amelazwa chali hakuweza kuyafuta; Nashipae ndiye aliyeyafuta.

"Lengai," alisema, mara mbili.

"Najua."

"Hujui. Alikuwa anaimba kwenye redio ya helmeti. Nilikuwa namsikia."

Twahira alisogea hatua moja kumkumbusha kwamba muda unakwenda. Nashipae aliinua kiganja kumwomba kidogo tu.

"Niulize kitu kimoja, baba Nasieku. Halafu naenda nao. Ulipoona mmepotea, ulinikumbuka?"

Solomoni alimgeukia. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo mdogo, na jambo hilo kila aliyefanya naye kazi alikuwa amemwambia Twahira.

"Sikuona tumepotea," alisema. "Lengai alisimama mara mbili akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia twende. Nikamwambia tangu nianze kazi hii sijawahi kuwa na uhakika kama leo."

Nashipae alilitafuta jibu jingine usoni mwake, akalitafuta kwa muda mrefu kuliko Twahira alivyokusudia kumpa. Kisha akauachia mkono, akaupanga vizuri juu ya shuka, akasimama kabla hajaambiwa.